Kimya Kisicho Ushahidi: Mawakala Wahamaji na Utafutaji wa Nodi Hatari katika Mitandao Inayobadilika

Ikisiri

Makala hii inafafanua tatizo mojawapo la nadharia ya ukokotoaji msambao: namna mawakala wahamaji, yaani programu zinazohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, wanavyoweza kubaini mahali ilipo nodi inayoangamiza kila anayeingia ndani yake, ilhali viungo vya mtandao wenyewe hupotea na kurejea. Hoja kuu ni kwamba katika mtandao uliotulia wenye saa ya pamoja, kimya cha wakala huweza kusomwa kama ushahidi. Lakini katika mtandao unaobadilika kimya hicho hicho huwa na maana zaidi ya moja. Kuzitenganisha maana hizo kuna gharama inayopimika: wakala wa ziada, alama zinazoachwa njiani, na hatua nyingi zaidi. Makala inaeleza matokeo makuu ya utafiti wa miaka ya 2001 hadi 2023, inayahusisha na kukatika kwa mikongo ya baharini ya Afrika Mashariki mwezi Mei 2024, na kutoa mambo manne ya kuzingatiwa na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari inayohudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini. Huduma za intaneti zilizorota katika nchi kadhaa za kanda, zikiwemo zile zisizo na pwani, ambazo hufikia mikongo hiyo kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Kwa mtumiaji wa kawaida dalili ilikuwa moja tu: ombi limetumwa, jibu halikurudi.

Tuweke kando ya tukio hilo tukio jingine. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya Pakistan Telecom, katika kutekeleza amri ya kuizuia YouTube ndani ya Pakistan, ilitangaza njia ya kufikia anwani za YouTube, na tangazo hilo likavuka mipaka ya nchi. Kwa takribani saa 2 data za watumiaji wa sehemu nyingi za dunia zilielekezwa huko na kuishia huko. Hakuna mkongo uliokatika. Viungo vyote vilikuwa vizima, lakini mwisho wa njia palikuwa na shimo lililomeza kila kilichofika. Kwa mtumiaji, dalili ilikuwa ile ile: ombi limetumwa, jibu halikurudi.

Maradhi haya mawili yana tiba tofauti. La kwanza linahitaji meli ya matengenezo. La pili linahitaji kusahihisha tangazo la njia na kuwaonya majirani. Anayekosea utambuzi hupoteza muda na fedha, na anapoendelea kutuma data kuelekea kwenye shimo hupoteza pia kile anachokituma. Je, kutoka ndani ya mtandao wenyewe, kwa kutegemea kimya tu, inawezekana kutofautisha njia iliyokatika na nodi inayomeza? Wananadharia wa kompyuta wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miongo miwili, na majibu yao yana manufaa nje ya mipaka ya hisabati.

2.0 Istilahi za Msingi

Mtandao huelezwa kama grafu yenye nodi na viungo. Nodi ni kompyuta au ruta. Kiungo ni njia inayounganisha nodi mbili. Idadi ya nodi huwakilishwa na herufi n. Pale ambapo nodi zimeungana kwa duara, kila moja ikiwa na majirani wawili, tunapata mtandao-pete.

Wakala mhamaji ni programu inayobeba hali yake na kuhamia nodi nyingine ili kuendelea na kazi huko. Wazo hili lilipata umaarufu katika miaka ya 1990 kupitia mifumo kama Telescript ya General Magic na Aglets ya IBM. Katika kanda yetu neno "wakala" peke yake humfanya msomaji afikirie kibanda cha kutoa na kuweka fedha kwa simu. Kwa sababu hiyo sifa ya "mhamaji" haipaswi kuachwa. Aidha, makala hii inatumia upatanisho wa viumbe (wakala anahama, mawakala wanakutana), kwa kuwa nadharia yenyewe humchukulia wakala kama mtendaji anayeamua, anayesubiri na anayeweza kuangamia.

Shimo jeusi ni nodi inayomwangamiza kila wakala anayeingia, bila kuacha dalili yoyote inayoonekana kutoka nje. Linaweza kuwakilisha mashine iliyoharibika, programu hasidi inayofuta wageni, au ruta inayotupa data kimya kimya. Kazi ya kutafuta shimo jeusi huhesabiwa kuwa imekamilika endapo angalau wakala mmoja atabaki hai na kujua shimo liko wapi. Tafsili hii imekwisha kukubali kwamba hasara itatokea. Swali si namna ya kuepuka hasara yote, bali ni hasara kiasi gani inatosha kununua ujuzi.

3.0 Mtandao Uliotulia

3.1 Pasipo saa ya pamoja

Stefan Dobrev, Paola Flocchini, Giuseppe Prencipe na Nicola Santoro waliwasilisha mwaka 2001 uchunguzi wa tatizo hili katika mtandao-pete usio na saa ya pamoja. Katika mtandao wa aina hiyo kila safari hufika mwisho, lakini haijulikani itachukua muda gani. Kwa hiyo wakala anayemsubiri mwenzake hawezi kusema "amechelewa mno, basi amekufa." Kuchelewa na kufa havitofautiani.

Mbinu waliyoitumia ni mwendo wa tahadhari. Kabla ya kupita mlango unaoelekea nodi asiyoijua, wakala huandika kwenye ubao wa nodi aliyopo kwamba mlango huo ni wa hatari. Akifika salama hurudi, hufuta alama hiyo na kuandika kwamba mlango ni salama, ndipo huendelea mbele. Hakuna wakala mwingine anayeruhusiwa kupita mlango wenye alama ya hatari. Kwa utaratibu huu kila mlango unaoingia kwenye shimo huweza kumpoteza wakala mmoja tu.

Mawakala wawili walioanza pamoja hugawana sehemu isiyojulikana ya pete katika nusu mbili zinazokaribia kulingana, kila mmoja akachunguza ya kwake. Kwa kuwa shimo ni moja, haliwezi kuwa katika nusu zote mbili. Angalau mmoja atamaliza. Aliyemaliza humfuata mwenzake hadi nodi ya mwisho iliyo salama, humwachia ujumbe ubaoni, na kugawa tena sehemu iliyobaki. Kazi huisha pale nodi isiyochunguzwa inapobaki moja: hiyo ndiyo shimo. Jumla ya hatua hukua kwa kiwango cha n log n, na imethibitishwa kwamba haiwezekani kushuka chini ya kiwango hicho.

Hitimisho hapa hupatikana kwa kuondoa nodi zilizo salama, wala si kwa kuliona shimo. Kutokana na hilo yapo masharti mawili. Kwanza, lazima n ijulikane. Asiyejua idadi ya nodi hawezi kujua kwamba imebaki moja. Pili, lazima mtandao uwe na njia mbadala za kutosha kiasi kwamba kuiondoa nodi yoyote moja hakuugawi. Iwapo shimo limekaa mahali ambapo pande mbili za mtandao hukutana kupitia nodi hiyo tu, upande wa pili haufikiki na kazi ya kuondoa haikamiliki.

Watafiti hao hao walionesha baadaye kwamba katika mtandao wa umbo lolote, gharama hutegemea ujuzi walio nao mawakala. Wenye ramani kamili wanatosha wawili, kwa hatua za kiwango cha n log n. Wasiojua chochote kuhusu umbo la mtandao wanahitaji mmoja zaidi ya idadi kubwa kabisa ya viungo ambavyo nodi moja inaweza kuwa navyo, na hatua hupanda hadi kiwango cha n mraba. Sababu ni kwamba kila mlango wa shimo unaweza kummeza mmoja, na lazima abaki mmoja wa kusimulia.

3.2 Penye saa ya pamoja

Mtandao ukiwa na saa ya pamoja, kila kiungo kikivukwa katika zamu moja, mambo hurahisika. Mtangulizi huingia nodi mpya. Mfuasi husubiri nyuma. Zamu iliyokubaliwa ikipita bila mtangulizi kurudi, mfuasi hujua kwa hakika kwamba nodi ile ni shimo. Kimya kimekuwa ushahidi. Kazi za Jurek Czyzowicz, Dariusz Kowalski, Euripides Markou na Andrzej Pelc zilichunguza hali hii na kuonesha kwamba, ingawa mawakala wawili wanatosha, kupanga ratiba yenye muda mfupi kabisa katika mtandao wa umbo lolote ni tatizo gumu la daraja la NP.

4.0 Mtandao Unaobadilika

Matokeo yote hayo yalidhani kwamba mtandao haubadiliki. Mwaka 2010 Fabian Kuhn, Nancy Lynch na Rotem Oshman walipendekeza namna ya kuelezea mitandao ambayo viungo vyake hubadilika kila zamu kwa sharti moja: katika kila zamu mtandao mzima ubaki umeungana. Sharti hili likitumika kwenye pete maana yake ni nyepesi: katika kila zamu kiungo kimoja kinaweza kukosekana, lakini si viwili, kwa kuwa pete iliyokatwa mahali pawili hugawanyika vipande. Anayechagua kiungo cha kukosekana huitwa adui. Si lazima awe mtu mwenye nia mbaya. Ni jina la hali mbaya kuliko zote ambayo mpango mzuri unapaswa kuistahimili.

Mwaka 2021 Giuseppe Antonio Di Luna, Flocchini, Prencipe na Santoro waliunganisha mambo haya mawili, shimo jeusi na pete inayobadilika. Matokeo yao ya kwanza ni kwamba mawakala wawili hawatoshi tena, hata kama wameanzia mahali pamoja na wana saa ya pamoja. Wanahitajika watatu.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu ndefu. Mtangulizi ameingia nodi mpya; mfuasi anasubiri; mara kiungo kati yao kinapotea. Kiungo kingekuwepo na mtangulizi asirudi, mfuasi angehukumu. Lakini maadamu kiungo hakipo, kimya hakisemi kitu: huenda mtangulizi amemezwa, huenda yuko mzima upande wa pili akisubiri vivyo hivyo. Mfuasi ana njia mbili. Akisubiri, adui anaweza kukizuia kiungo kile kile siku zote, na kazi isikamilike kamwe. Akiondoka kuzunguka upande wa pili wa pete, anaingia nodi asizozijua akiwa peke yake, bila shahidi nyuma yake. Akiangamia, hakuna atakayejua alipoangamia.

Wakala wa tatu hubadilisha mizani. Adui ana mkono mmoja: akiutumia kukizuia kiungo kimoja, sehemu nyingine zote za pete ziko wazi. Mfuasi na wakala wa tatu wanaweza kwenda upande wa pili kwa mwendo wa tahadhari, mmoja akitangulia na mwingine akishuhudia. Adui akitaka kuwazuia hao, hana budi kukiachia kiungo cha kwanza, na siri ya mtangulizi itafichuka. Kwa maneno mengine, wakala wa tatu si wa akiba tu; ndiye anayemlazimisha adui kuchagua.

5.0 Thamani ya Alama

Idadi ya mawakala ni sehemu moja ya gharama. Hatua ni sehemu ya pili. Utafiti huo wa 2021 ulilinganisha hali mbili. Katika ya kwanza mawakala hawana njia ya kupeana habari isipokuwa kwa kuonana. Katika ya pili wanaweza kuacha kitu nyuma yao: kokoto kwenye nodi, au maandishi kwenye ubao wa nodi. Kwa mawakala watatu, hali ya kwanza hudai hatua za kiwango cha n mraba. Hali ya pili hushusha kiwango hadi n kwa kipeo cha 1.5. Vyote viwili vimethibitishwa kuwa viwango vya chini kabisa vinavyowezekana kwa idadi hiyo ya mawakala.

Tofauti hii ni kubwa kivitendo. Tukiacha kando vizidishi visivyobadilika, pete ya nodi 100 huhitaji kiwango cha hatua 10,000 bila alama, na 1,000 penye alama. Kwa nodi 10,000 ni hatua milioni 100 dhidi ya milioni 1. Chanzo chake ni kwamba asiyeweza kuacha alama hulazimika kusafiri kila mara ili kumfahamisha mwenzake, na adui huhitaji tu kuchelewesha makutano yao.

Mwaka 2023 watafiti hao waligeukia hali ambapo mawakala wameanza wakiwa wametawanyika. Hapa matokeo ni makali zaidi. Ikiwa mawasiliano ni ya ana kwa ana tu, tatizo halitatuliki kwa idadi yoyote ya mawakala isiyoongezeka kadiri pete inavyokua. Iwapo kila wakala ana kokoto anayoweza kuihamisha, watatu wanatosha, kwa hatua za kiwango cha n mraba. Na kiwango hicho hakishuki hata kama kila nodi ingepewa ubao wa kuandikia ujumbe wa urefu wowote. Kokoto moja, kitu kisicho na neno hata moja ndani yake, ndiyo inayotenganisha lisilowezekana na linalowezekana.

6.0 Mipaka ya Nadharia na Hali ya Kanda

Si sahihi kuyachukua matokeo haya na kuyabandika moja kwa moja kwenye mitandao yetu. Pakiti ya data si wakala: haiamui wala haiachi alama. Mtandao wa kanda si pete moja. Hata hivyo muundo wa tatizo unafanana. Mhandisi anayefuatilia njia ya data kwa zana ya traceroute hukutana mara kwa mara na safu ya vinyota mahali ambapo ruta haikujibu. Kinyota hicho kinaweza kuwa na maana kwamba ruta imekufa, au njia imekatika, au ruta ni nzima ila imewekewa amri ya kutojibu. Ni kimya kile kile cha mfuasi anayesubiri.

Jambo zito zaidi ni dhana ya mkono mmoja wa adui. Uthibitisho wote wa sehemu ya nne umesimama juu ya sharti kwamba viungo viwili havikosekani kwa pamoja. Mwezi Februari 2024 mikongo kadhaa, ukiwemo wa Seacom, iliharibika katika Bahari ya Shamu, na matengenezo ya huko yalikuwa bado hayajakamilika mikongo ya upande wa kusini ilipokatika mwezi Mei. Pwani yetu ilijikuta na majeraha kaskazini na kusini kwa wakati mmoja. Pete iliyokatwa mahali pawili si pete iliyopungua. Ni vipande viwili. Kilichosaidia ni kuwepo kwa njia nyingine isiyopita katika majeraha hayo: mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, haukukatika na uliendelea kubeba mawasiliano.

Kwa hiyo nadharia hutufaa kwa namna mbili. Sharti lake linapotimia, hutuambia gharama ya kujua. Sharti linapovunjika, hutuambia ni kipi hasa kilichovunjika, na hivyo ni kipi kinachohitaji kujengwa.

7.0 Mambo ya Kuzingatiwa katika Sera

Kwanza, njia mbadala zipimwe kwa nodi, si kwa mikataba. Nchi isiyo na pwani inaweza kuwa na watoa huduma watano na bado wote wakapita katika kituo kimoja. Katika hali hiyo kituo hicho kikigeuka shimo, hakuna uchunguzi wa ndani utakaoweza kukamilika, kwa sababu ile ile iliyoelezwa katika sehemu ya 3.1. Mdhibiti anayeuliza "mna njia ngapi?" aulize pia "zinakutana wapi?"

Pili, n ijulikane. Daftari la nodi muhimu za mawasiliano, linalosasishwa kwa ratiba, huonekana kuwa kazi ya ukarani. Kumbe ndilo sharti la kuweza kuhitimisha kwa kuondoa. Asiye na daftari anaweza kuchunguza bila kikomo pasipo kujua kama amemaliza.

Tatu, uwepo ubao wa pamoja unaovuka mipaka. Nchi za kanda zina vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti, kwa mfano vile vya Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Taarifa ya hitilafu inayoandikwa mahali panaposomwa na wote, hata iwe fupi kama kokoto, hufanya kazi ambayo mikutano ya ana kwa ana haiwezi kuifanya kwa wakati. Matokeo ya 2023 yanahusu hasa hali hii: watendaji waliotawanyika, kila mmoja akianzia kwake, hawafanikiwi kwa kukutana tu.

Nne, vipimo viwekwe na shahidi wa tatu. Vituo viwili vinavyopimana vinatosha pale viungo visipobadilika. Pale vinapobadilika, vikinyamaziana havijui nani wa kulaumiwa. Kituo cha tatu, kinachofikia vyote viwili kwa njia tofauti, ndicho kinachoweza kubainisha kama kilichopotea ni kiungo au nodi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika mtandao uliotulia wenye saa ya pamoja mawakala wawili wanatosha kubaini shimo jeusi, kwa kuwa kutorudi kwa mmoja ni habari kamili kwa mwingine. Mtandao unapobadilika, kutorudi hakutoshi tena. Anahitajika wa tatu, na hatua zao hupungua sana iwapo wanaweza kuacha alama. Wakiwa wametawanyika, alama hizo huacha kuwa nafuu na kuwa sharti. Utafiti umeanza kuvuka pete na kuingia katika mitandao ya maumbo magumu zaidi, na hapo ndipo watafiti wa kanda, wanaoishi ndani ya mtandao ambao viungo vyake hukatika kweli, wanaweza kuchangia mifano ambayo nadharia haijaichunguza vya kutosha: viungo zaidi ya kimoja vinavyopotea pamoja, na nodi zilizokaa kwenye makutano pekee ya njia. Kwa mshauri wa sera, funzo la msingi linabaki kuwa moja. Kabla ya kukitafsiri kimya cha mtandao, aulize kwanza kama amejenga masharti yanayokifanya kimya hicho kiweze kutafsirika.